Kadi ya King'ora

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Kila aliyewahi kuishi humo atakuthibitishia hivyo, tena harakaharaka, huku akigeuka kutazama nyuma yake. Basi tukubaliane tangu mwanzo kwamba haipo na kwamba hakuna aliyeumia, halafu tuendelee kwa raha zetu.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, Mkuu wa Nchi alisafiri ng'ambo kwenda kung'olewa jino. Huko, katika kutembezwatembezwa, akaonyeshwa jumba la watu wanaoandika programu za kompyuta. Akawakuta wamesimama mbele ya ukuta uliobandikwa kadi za rangi, wanasema kwa zamu, wanataniana, na baada ya robo saa kila mtu yuko kwenye kazi yake. Wengine walikuwa wamekaa wawiliwawili kwenye kompyuta moja, mmoja anaandika, mwenzake anamwambia hapo umekosea, na aliyeambiwa anasema asante. Mkuu wa Nchi akauliza huyo aliyekosolewa atamfunga lini mwenzake. Wenyeji wakadhani ni mzaha, wakacheka. Naye akacheka, maana ganzi ilikuwa haijamtoka mdomoni, lakini mambo yale aliyapenda, akarudi nayo nyumbani.

Ikatangazwa Sera ya Taifa ya Wepesi. Ikaundwa Wizara ya Wepesi, ikapewa jengo la iliyokuwa Wizara ya Subira, na kazi yake ya kwanza ikawa kukusanya viti. Kwa sababu siri ya ng'ambo, kama wataalamu walivyoieleza, ni kusimama. Viti vyote vilibebwa vikafungiwa katika stoo moja nyuma ya jengo, pamoja na meza zilizoonyesha dalili za kuwa na urafiki na viti. Wajawazito waliruhusiwa kuomba kibali cha kuegemea.

Sikudhani Mbaraka alikuwa mwandika programu katika wizara hiyo, na kusema kweli habari ile aliipokea kwa furaha. Yeye na mwenzake, bwana mmoja mkavu wa maneno aitwaye Hiza, walikuwa wakifanya kazi namna hiyo miaka yote, bila sera ya mtu. Meza moja, kompyuta moja, chupa moja ya chai. Sikudhani akiandika, Hiza anatazama, na kila baada ya muda anasema, "Siku, hapo umekosea." Akichoka anampisha, Hiza anaandika, na yeye anapata nafasi ya kulipiza. Hawakuwa ndugu wala wapenzi. Ila hakukuwa na mtu mwingine aliyeijua akili ya Sikudhani inavyokwenda, wapi inakimbia na wapi inajikwaa, kama Hiza alivyoijua.

Kazi waliyokuwa nayo ilikuwa ya Bwawa la Msanja. Bwawa liko juu, bonde liko chini, na bondeni kuna watu. Kazi ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, milango ya bwawa ifunguliwe kwa kompyuta pale mvua zinapolijaza. Ya pili, kabla milango haijafunguka, ving'ora vilivyosimikwa bondeni juu ya milingoti ya zege vilie nusu saa nzima, ili watu wapate kupanda mlimani na watoto wao na mbuzi wao. Sehemu ya kwanza walikuwa wameimaliza. Ya pili walikuwa wamefika katikati. Mama yake Sikudhani, Bi Mwanakheri, alikuwa akiishi huko bondeni, nyumba ya mwisho kabla ya mto, kwa hiyo Sikudhani hakuhitaji semina ya kumweleza kwa nini king'ora kina maana.

Hapo ndipo Wepesi ulipowafikia.

Waraka wa Wenza ulisema kwamba kuanzia sasa kazi zote za kompyuta zitafanywa na watu wawili, kama ng'ambo. Lakini kwa kuwa katika nchi yenye nidhamu haiwezekani watu wawili wakalingana, mmoja ataitwa Mwenza Mwandishi na mwingine Mwenza Mtazamaji, na kibodi itashikwa na mwenye cheo kikubwa. Mtazamaji ataweka mikono nyuma. Mtazamaji hatasema neno mpaka aulizwe, "Una maoni?" Na akiulizwa atajibu, "Naafiki."

Sikudhani akatenganishwa na Hiza, akapewa Mkurugenzi Msaidizi, Bwana Lugendo. Huyu alikuwa mtu mpole, mnene, mpenda karanga, ambaye kompyuta yake alikuwa akiitumia kutazamia picha za harusi ya binti yake. Siku ya kwanza aliitafuta herufi ya K mpaka chai ikapoa.

"Bi Sikudhani," alinong'ona, jasho linamtoka, "hii K wameiweka wapi?"

Sikudhani, mikono nyuma, akamwonyesha kwa macho. Bwana Lugendo akafuata macho yake, akabonyeza kitufe cha pembeni, na kazi ya miezi miwili ikafutika mistari kadhaa. Akashusha pumzi.

"Una maoni?"

"Naafiki, Mheshimiwa."

Basi ikawa ndiyo hiyo. Programu ya king'ora ikaanza kurudi nyuma, kidogokidogo, kila Bwana Lugendo alipokohoa.

Kila asubuhi kulikuwa na Kikao cha Kusimama. Ng'ambo kikao hicho huchukua robo saa kwa sababu watu huchoka miguu. Huku, mkubwa hakuweza kuondoka huku wadogo wakiwa wamesimama kwa heshima yake, na wadogo hawakuweza kuacha kusimama kabla mkubwa hajaondoka, kwa hiyo kikao kilikuwa kikiendelea mpaka mtu aanguke. Akianguka wa kwanza, makofi, watu wanatawanyika. Mtu mmoja wa masjala mwenye kisukari akapandishwa cheo kwa mchango wake katika kufupisha vikao.

Kikaoni kila mfanyakazi aliulizwa maswali matatu, yaleyale ya ng'ambo. Jana ulifanya nini? Leo utafanya nini? Una kikwazo gani? Wiki ya kwanza, Hiza alipofika kwenye swali la tatu, alilijibu.

"Ninacho," alisema. "Milango ya bwawa iko tayari, king'ora bado. Mkifungua milango kabla ya king'ora, watu watakufa. Nirudishieni Bi Sikudhani kwa wiki mbili, tumalize."

Waziri wa Wepesi, Mheshimiwa Nyangasa, mtu mrefu mwenye sauti ya kubembelezea watoto, alitabasamu.

"Kwa hiyo kikwazo unacho wewe?"

"Ninacho, Mheshimiwa."

"Asante kwa ukweli wako. Sera inataka kikwazo kikitajwa kiondolewe siku hiyohiyo. Sisi si watu wa kuchelewesha mambo."

Kikaondolewa, na Hiza akaenda nacho. Wakampa cheo cha Mlinzi wa Viti, akapelekwa stoo kule nyuma, akawa mtu pekee katika wizara nzima mwenye mahali pa kukaa.

Lakini kabla hajatolewa ukumbini, zamu ilikuwa imehamia kwa aliyesimama pembeni yake, naye alikuwa Sikudhani. Waziri akamgeukia kwa tabasamu lilelile. Una kikwazo gani, binti yangu? Sikudhani alikuwa na maneno mdomoni, yako tayari, hata meno yalikuwa yameshaachana. Akasikia sauti yake mwenyewe inasema, "Sina kikwazo, Mheshimiwa." Hiza hakumtazama, na hilo lilimuuma kuliko kama angemtukana mbele za watu.

Kesho yake ukatoka waraka wa kuwasaidia wafanyakazi wanaobabaika kwenye swali la tatu. Jibu sahihi liliandikwa kwa wino mzito: Sina kikwazo, kwa uongozi bora.

*

Sasa nije kwenye ukuta wa kadi, maana msiba wote ulianzia hapo.

Ukuta ulikuwa na safu tatu. Safu ya Itafanyika, safu ya Inafanyika, na safu ya Imekamilika. Ng'ambo, mtu akimaliza kazi yake huinyanyua kadi, huipeleka safu ya mwisho, akaenda zake kunywa kahawa. Katika nchi yetu isiyokuwepo jambo hilo lilionekana ni utovu wa adabu. Kitu kimekamilika, halafu kisizinduliwe? Pasiwe na mgeni rasmi? Pasikatwe utepe? Ikaamuliwa kwamba kila kadi ihamishwe kwa sherehe, ikiwa na utepe wake, bendi ya matarumbeta, akina mama wa kwaya, na kibao kidogo cha shaba chenye ukubwa wa kiberiti: Kadi hii imekamilishwa na Mheshimiwa Fulani.

Siku ya kuzindua kadi ya milango ya bwawa, Waziri alikuja mwenyewe. Akakata utepe. Akainyanyua kadi, akaipandisha juu watu waione, akaipeleka Imekamilika. Makofi. Bendi ikapiga. Na kwa kawaida bendi hupiga mpaka mpiga ngoma aonyeshwe mkono na ofisa itifaki, ila siku hiyo ofisa itifaki alikuwa ameitwa nje na dereva kuhusu soda za wageni. Bendi ikaendelea. Waziri akasimama, mikono mitupu, matarumbeta yanamwimbia. Akatazama huku na huku. Kusimama bure huku unapigiwa muziki ni aibu, hata mimi ningeona aibu. Akanyanyua kadi nyingine iliyokuwa karibu, akaipeleka Imekamilika. Makofi zaidi. Kwaya ikaongeza sauti. Akachukua ya tatu. Sasa alikuwa ameingiwa na utamu, anacheza kidogo mabega, anakwenda na kurudi na kadi, na wafanyakazi wanapiga makofi kwa mdundo, mpaka safu ya Inafanyika ikabaki ukuta mtupu na safu ya Itafanyika ikafuata.

Miongoni mwa kadi zile ilikuwamo moja ya manjano, yenye maandishi ya mkono wa Hiza: King'ora kilie kabla ya milango.

Sikudhani aliiona ikipita mikononi mwa Waziri. Alikuwa anapiga makofi. Viganja viliendelea kugongana vyenyewe, na alivitazama kama vya mtu mwingine.

Bwana Lugendo, pembeni yake, akainama sikioni. "Ile ya king'ora imekwenda."

"Nimeiona, Mheshimiwa."

Mzee wa watu alimtazama muda mrefu. Alikuwa anaelewa. Alikuwa anaogopa, na uso wake ulimwomba Sikudhani yeye ndiye aogope kidogo zaidi, ili mambo yaende. "Una maoni?"

"Naafiki."

Bwana Lugendo akapumua, akatia mkono mfukoni, akampa karanga.

Sasa wewe, msomaji wa nchi zilizopo, utauliza kwa nini mtu asiirudishe tu ile kadi. Kadi ni karatasi. Ndiyo, ni karatasi, lakini ilikuwa imezinduliwa, na katika nchi hiyo kitu kikishazinduliwa hakina njia ya kurudi. Kulikuwa na zahanati iliyozinduliwa kabla ya kuezekwa, na mvua ikinyesha wagonjwa walilowa vitandani huku wanalisifia paa. Kuirudisha kadi ya king'ora ni kusema mgeni rasmi alikosea, na hakukuwa na fomu, ofisi, wala kitenzi cha kusemea jambo hilo. Kufanya kazi iliyokwisha kukamilika kulikuwa kosa la uharibifu wa mafanikio ya taifa. Asubuhi ile programu ya king'ora ikaondolewa kwenye kompyuta ya Bwana Lugendo na kupelekwa kuhifadhiwa kwenye makumbusho.

*

Mvua zikaja, bwawa likajaa. Ikatangazwa kwamba Alhamisi kutakuwa na Onyesho Kuu la Wepesi, na Waziri atafungua milango ya bwawa kwa kubonyeza kitufe akiwa palepale ukumbini, mbele ya mabalozi. Gari la matangazo likazunguka bondeni siku nzima na kipaza sauti. Ndugu wananchi, mkisikia king'ora, pandeni mlimani. Msipokisikia, tulieni majumbani. Atakayepanda kabla ya king'ora atahesabiwa mchochezi.

Sikudhani alimpigia mama yake. Nieleze kwanza habari ya simu. Simu za wafanyakazi wote wa Wizara zilikuwa zimeunganishwa kiwenza, ukipiga wewe na ya mwenzako inaita, na yeye sharti aipokee, akae kimya, atazame kwa masikio. Kwa hiyo Bi Mwanakheri alipopokea, Bwana Lugendo alikuwa kwenye laini, na karanga zake zilisikika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekuwa ndogo hivyo, huli?"

"Ninakula. Mama, Alhamisi hebu nendeni mlimani mkamsalimie shangazi."

"Shangazi yako?" alisema Bi Mwanakheri. "Siku, shangazi yako tulimzika mwaka juzi. Wewe mwenyewe ulikuja."

"Basi mkalifyekee kaburi."

"Na mvua hii? Una nini, wewe?" Halafu sauti ikabadilika, ikawa ya mtu anayetaka kucheka. "Alhamisi siendi popote. Alhamisi ndiyo siku ya king'ora chako. Nimewaambia wote hapa, hicho kimetengenezwa na mwanangu. Mwajabu haamini. Eti watoto wa kike hawawezi mambo ya mitambo. Nimemwambia ngoja, utakisikia kwa masikio yako. Nimeinyoosha na kanga mpya. Kitalia, sivyo?"

Karanga zikaacha kutafunwa. Sikudhani alisikia pumzi za watu wawili kwenye simu, za mama yake na za Bwana Lugendo, na hakujua zipi zilikuwa zinakwenda mbio zaidi.

"Kimekamilika, mama," alisema.

"Haya. Mungu akuweke."

Angeweza kuazima simu kwa jirani. Aliwaza hivyo usiku ule, na kule kuwaza tu kukampa nafuu, akalala. Asubuhi akawaza kwenda mwenyewe bondeni, lakini jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watakaosimama jukwaani, na asiyetokea atatafutwa. Akajiambia Bwana Lugendo amesikia, Bwana Lugendo ni mzazi, atasema. Na Bwana Lugendo, ninavyoambiwa, alikuwa anajiambia Bi Sikudhani ana mama yake kule, hakosi kusema.

*

Alhamisi ukumbi ulipambwa kwa vitambaa, na redio ikawa inatangaza shughuli nzima. Ukutani kulikuwa na skrini kubwa inayoonyesha bwawa, maji yamefika ukingoni, ya rangi ya chai ya maziwa. Waziri akahutubia.

"Ndugu zangu," alisema, "zamani tulikuwa tukienda taratibu kuelekea tusikokujua. Leo, kwa Wepesi, huko huko tunakwenda mbio." Makofi. "Wenzetu wa ng'ambo wanamaliza kazi, ndipo wanaweka alama kwamba imekamilika. Sisi tumeondoa hatua moja." Makofi tena, na balozi mmoja akaandika kitu.

Kisha kikafanyika Kikao cha Kusimama, hadharani, ili wageni wajionee. Wafanyakazi wakapanga mstari jukwaani. Kipaza sauti kikatembea kutoka mdomo hadi mdomo. Sina kikwazo, kwa uongozi bora. Sina kikwazo, kwa uongozi bora. Kikamfikia Bwana Lugendo. Akamtupia Sikudhani jicho, akasema kama wenzake. Kikamfikia Sikudhani.

Alikuwa na nafasi. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu mwenyewe hajawahi kulikana. Kipaza sauti kilikuwa kinafanya kazi, ukumbi ulikuwa kimya, milango ya bwawa ilikuwa bado imefungwa, na sentensi iliyohitajika ilikuwa fupi.

"Sina kikwazo," alisema Sikudhani, "kwa uongozi bora."

Ndipo king'ora kikalia. Kilijaa ukumbi mzima, kirefu, kinapanda na kushuka, mabalozi wakaziba masikio huku wanacheka. Moyo wa Sikudhani uliruka kwa furaha ya kijinga. Hiza, alifikiri, Hiza amefanya namna. Kisha akaona waya unaotoka kwenye spika za ukumbi mpaka mezani kwa ofisa itifaki, ambaye alikuwa amerekodi king'ora cha gari la zimamoto ili wageni wasikose burudani. Kikalia kwa muda wa kupiga picha, kikazimwa. Waziri akabonyeza kitufe.

Milango ikafunguka bila kusita hata kidogo. Programu ile ilikuwa nzuri, iliandikwa na watu wawili waliokuwa wakikosoana. Kwenye skrini maji yakatoka meupe, mengi, yakaanguka upande wa chini ambako kamera haikuelekezwa. Ukumbi ukasimama kupiga makofi, ila hakuna aliyekuwa amekaa.

*

Bi Mwanakheri walimpata mashambani, mbali kabisa na kwake, kwenye majaruba ya mpunga.

Wizara ikaitisha Kikao cha Tafakuri, kama sera inavyotaka. Nini kilikwenda vizuri? Mengi. Nini hakikwenda vizuri? Tume ikachunguza, ikathibitisha kwamba king'ora kililia, maana ukumbi mzima ulikisikia, wakiwamo mabalozi. Kwa hiyo waliokufa walikuwa wamekaidi king'ora. Wakapewa karipio kali, likasomwa makaburini na mkuu wa wilaya. Bwana Lugendo akapewa Nishani ya Wepesi. Alikuja mezani kwa Sikudhani nayo kifuani, akasimama pale muda mrefu. Neno pole lilikuwa limesitishwa kwa muda, kwa sababu lingedokeza kwamba kuna jambo. Akaacha karanga kwenye karatasi, akaondoka anajifuta uso.

Kesho yake asubuhi, katikati ya Kikao cha Kusimama, Sikudhani alitoka kwenye mstari. Hakuna aliyemzuia. Waraka ulikuwa na adhabu ya kukaa, ya kuegemea na ya kuchuchumaa, lakini kuondoka kulikuwa hakujafikiriwa. Akazunguka nyuma ya jengo mpaka stoo, akasukuma mlango.

Viti vilikuwa vimerundikwa mpaka darini. Hiza alikuwa katikati yake, amekaa, na mbele yake meza moja mbovu na kompyuta kuukuu iliyotupwa pamoja nayo.

"Kaa," alisema Hiza.

Akakaa.

"Nilisema sina kikwazo," alisema.

"Nilikusikia," alisema Hiza. "Na Alhamisi ile kwenye redio nilikusikia."

Alingoja amwambie basi, yamepita. Hiza hakusema, na hajasema mpaka leo.

"Nataka tumalize king'ora," alisema Sikudhani.

"Ya nini? Bonde ni tope tupu."

"Mvua hazijaisha. Na waliopona watarudi, watakwenda wapi? Milango itafunguliwa tena."

Hiza alifikiri. Akafungua kompyuta. Programu waliyoandika mwanzo, kabla ya Bwana Lugendo kuikoholea, ilikuwamo humo yote, nakala aliyojiwekea mwenyewe, maana hakuwahi kuamini makumbusho. Akasogeza kibodi upande wa Sikudhani, akasogeza kiti chake karibu, akakunja mikono kifuani.

Waliandika hivyo kwa siku kadhaa, wakati wenzao wamesimama ukumbini wakingoja mtu aanguke. Siku ya kwanza haikupita muda.

"Siku, hapo umekosea."

Sikudhani akaacha vidole juu ya kibodi. Machozi yakamjia ghafla, mengi, yakadondokea vitufe. Tangu msiba, hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo.

"Nimekosea," alisema.

"Ndiyo. Futa, uandike upya."

Akafuta, akaandika upya.

*

Walikubaliana kukijaribu Ijumaa mchana. Hiza atabonyeza kutoka stoo, maana ile kompyuta kuukuu hakuna aliyekumbuka kuitenga na mitambo ya bwawa, na Sikudhani awe huko huko bondeni, asikie kwa masikio yake. Wote wawili walijua kwamba kikishalia, watakuja kuwachukua. Kosa la kurudia kazi iliyokamilika halina dhamana.

Bondeni hakukuwa kumebaki kitu kilichosimama isipokuwa milingoti ya zege, na juu ya kila mlingoti king'ora chake, kisafi, kinang'aa. Waliopona walikuwa mlimani, katika mahema yaliyoandikwa jina la Waziri. Sikudhani alimkuta Bi Mwajabu, yule jirani wa mama yake, ameketi nje ya hema anapepeta mchele wa msaada uliojaa mawe. Akamwamkia, akakaa naye mkekani.

"Mama yako alitoka kibarazani asubuhi," alisema Bi Mwajabu bila kuulizwa. "Na kanga yake mpya. Redio akaizima, eti apate kusikia vizuri. Sisi tulisikia mngurumo, nikamwambia Mwanakheri, hayo ni maji, twende. Akasema bado, king'ora hakijalia. Mwanangu hawezi kusahau. Nikamvuta mkono." Alitoa jiwe kwenye ungo, akalitupa. "Nikamwacha."

Sikudhani alikuwa ametayarisha maneno njia nzima, ya kumweleza Bi Mwajabu kuhusu kadi, na bendi, na kipaza sauti. Alipofungua mdomo, king'ora kikalia.

Kililia vingine kabisa na kile cha ukumbini. Kilitoka kwenye milingoti yote kwa pamoja, kikaenda bondeni kote na kurudi, kizito, hakina haraka, na palepale kambi nzima ikainuka. Watu walitoka mahemani. Hakuna aliyepiga kelele wala kuuliza. Waliwachukua watoto, wakachukua ndoo na mablanketi, wakaanza kupanda mlima, na kwa kuwa walikuwa wameshafika karibu na kilele, walikwenda mpaka kwenye mawe, wakasimama huko wamebanana, wanatazama chini kwenye tope, wanangoja.

Bi Mwajabu peke yake hakuinuka. Aliweka ungo chini, akasikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho."

King'ora kiliendelea, nusu saa nzima, kama kilivyoandikiwa.

"Mama yako alisema kitakuwa na sauti nzuri," alisema Bi Mwajabu, akauchukua ungo wake, akaendelea kutoa mawe.